Pampu Ikigoma na Maji Yanapanda: Mama Ufanye Nini?

Mwanza ni mji wa mawe. Mawe hayo yanaupamba mji, lakini wakati wa mvua yana gharama yake. Mwamba haunywi maji. Yanateremka kwa kasi kutoka vilima vya Bugando, Igogo na Mabatini, yakitafuta mabonde, Mto Mirongo na hatimaye ziwa. Nyumba nyingi zimejengwa ubavuni mwa mlima, ukuta wa nyuma ukiegemea udongo. Ndiyo maana mama anaweza kuamka akakuta stoo ya chini, yenye magunia ya mchele na vitabu vya watoto, imelowa chapachapa ingawa paa halivuji.

Ufukweni maji huja kwa njia nyingine, yaani kutoka chini. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 lilipanda tena hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na familia nyingi za kandokando ya ziwa zilihama. Ziwa likipanda, maji yaliyomo ardhini karibu nalo hupanda pia.

Dawa mojawapo ni kuchimba shimo dogo mahali palipo chini kuliko pote, kulijengea kuta, na kuweka ndani yake pampu ya umeme ya kuzamisha. Maji yakifika kimo fulani boya huelea na kuiwasha. Yakipungua boya hushuka na kuizima. Ni chombo kizuri, lakini tabia yake ni kugoma usiku ule ule wa mvua kubwa. Hapo wengi hukimbilia dukani kununua nyingine, kumbe ya kwanza ilikuwa na kosa dogo tu.

Usalama kwanza

Mpendwa msomaji, kabla ya yote kumbuka kwamba umeme na maji havichezewi. Usikanyage maji yaliyojaa chumbani wakati umeme unawaka. Zima meni swichi kwanza, nawe uwe umesimama pakavu. Kama swichi hiyo iko ndani ya chumba chenye maji, usiifuate. Ita fundi umeme au TANESCO. Wakataze watoto kabisa. Kuchomoa plagi kwa mkono mbichi, au kuivuta pampu kwa waya wake, kumeondoa uhai wa watu. Ukitumia jenereta, iwekwe nje mbali na madirisha, kwani moshi wake huua waliolala bila wao kusikia harufu ya kuwaonya.

Kosa liko wapi?

1. Haiungurumi kabisa. Angalia kama umeme upo, kama fyuzi imeungua au sakiti breka imejikata. Kisha tazama boya. Mara nyingi limenasa kwenye ukuta wa shimo au limezongwa na waya wake. Zima umeme, lifungue, weka sawa.

2. Inaunguruma lakini haitoi maji. Huenda panga lake limezibwa na mchanga, nywele, kitambaa au mfuko wa plastiki. Chomoa plagi, itoe pampu, fungua kichujio cha chini na usafishe. Pengine hewa imenaswa katika bomba. Mafundi huzuia jambo hili kwa kutoboa tundu dogo la milimita 3 hivi kwenye bomba, juu kidogo ya pampu na chini ya vali.

3. Inazima na kuwaka kila mara. Maji yaliyopandishwa yanarudi shimoni. Vali ya kuzuia maji kurudi imekufa, au bomba linamwaga karibu mno na ukuta.

4. Inakata umeme kila ikiwashwa. Hapa usijaribu tena, na usikubali mtu aifunge breka isijikate. Yawezekana maji yameingia kwenye mota. Pampu ya namna hii fundi aipime. Mara nyingi mwisho wake ni kubadilishwa.

Ukilazimika kununua

Usinunue kwa macho. Pima kwanza maji yanaingia kwa kasi gani. Chukua shimo lenye upana wa sentimita 60 kwa 60. Maji yakipanda sentimita 10, ni lita 36. Kama hupanda hivyo kwa dakika moja, unapokea zaidi ya lita 2,000 kwa saa. Tafuta pampu inayoweza kutoa angalau mara mbili ya hizo.

Soma pia kibandiko. Kikiandikwa kimo cha juu ni mita 7, maana yake ikifika mita 7 haitoi kitu. Kadiri unavyopandisha maji, ndivyo yanavyopungua. Pima kutoka chini ya shimo hadi pale bomba linapopita juu kuliko pote, kisha umwulize muuzaji hutoa lita ngapi katika kimo hicho. Chagua iliyotengenezwa kwa maji machafu. Pampu ya maji safi haivumilii mchanga.

Wakati wa kufunga, isimame juu ya tofali, si kwenye tope. Boya liwe na nafasi ya kucheza. Weka vali mpya. Waya wa ethi usikatwe, na fundi aongeze swichi inayokata umeme mara unapovuja. Bomba limwage maji mtaroni, mbali na msingi wako na wa jirani. Halafu mimina ndoo nne shimoni uone kama inawaka na kuzima yenyewe. Rudia jaribio hilo kila mwezi, na hasa kabla ya vuli na masika.

Pale pampu isipokuwa dawa

Kuna dalili tatu za kuacha kupampu. Ya kwanza ni maji yanayotoka yakiwa na mchanga siku hadi siku. Huo ni udongo wa chini ya msingi unaoondoka, na ukuta unaweza kupasuka. Ya pili ni harufu ya choo. Maji hayo yakimwagwa mtaroni yanaweza kupeleka kipindupindu kwa majirani. Itwe gari la kunyonya maji taka, na mtu asishuke shimoni, kwani hewa yake huua. Ya tatu ni maji kubaki kimo kile kile hata pampu ikifanya kazi usiku kucha. Basi unapigana na ziwa, na ziwa halichoki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na miaka kama 2020 imeonyesha sababu.

Umeme ukikatika, ndoo mbili na kamba hazijawahi kugoma. Mchele na vitabu viwekwe juu ya mbao, si sakafuni. Na baba, mama na watoto wakubwa wote wajue meni swichi iko wapi. Waonyeshe leo, kungali kukavu.