Mvua ya Nairobi Ina Saa Zake

Anayetoka Kibera au Kawangware kwa baiskeli akishika Barabara ya Ngong hupita Karen, mji wa Ngong na Kiserian, akafika Kona Baridi. Kuanzia hapo lami huteremka bondeni hadi Magadi, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Magadi kama mita 600. Ndiyo maana safari hiyo moja inaweza kuwa na ukungu, upepo wa kukata masikio, mvua ya ghafla, na kisha joto linalopita nyuzi 35. Wanaojiandaa kwa safari hii huuliza kwanza wanunue koti gani, na wengine hutegemea ujasiri tu. Naamini swali la kwanza linapaswa kuwa: tuondoke saa ngapi? Hali mbaya ya hewa katika eneo hili ina ratiba, na anayeijua ratiba hiyo hujiepusha na taabu ambayo hakuna koti linaloweza kuizuia.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, jua hupasha ardhi tangu asubuhi. Hewa yenye unyevu hupanda, mawingu hujikusanya, na mara nyingi mvua hunyesha alasiri, jioni au usiku. Anayeondoka kukipambazuka basi huwa na saa tano au sita za kutegemea, na hizo zinatosha kumvusha nyanda za juu. Juni hadi Agosti mambo hugeuka. Asubuhi mawingu mazito hutanda chini, manyunyu hudondoka, baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, na mara nyingi anga hufunguka jua likikaribia utosini. Miezi hiyo kudamka mapema ni kujitesa bure. Afadhali kungoja hadi saa tatu au nne asubuhi. Na utabiri hauko mbali: makao makuu ya idara ya serikali ya hali ya hewa yako Dagoretti Corner, kati ya Kibera na Kawangware, na utabiri wake hutolewa kwa umma bila malipo.

Kuna watakaosema kwamba ratiba hiyo imekufa. Wana sababu. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu katika maeneo makavu ya nchi, kisha Aprili na Mei 2024 mafuriko yakaua zaidi ya watu 200 nchini Kenya na kubomoa nyumba za waliokaa kando ya mito, Kibera na Mathare zikiwemo. Lakini kilichoyumba zaidi ni wingi wa mvua na siku ya kuanza kwake. Jua bado huchomoza na kupasha ardhi kila siku. Palipo na mvua iliyokesha na bado haijakatika asubuhi, hapo ratiba imevunjika kweli, na jibu ni kutoondoka. Hasa kwa njia ya Magadi, ambako korongo lililokuwa kavu linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali kwenye vilima, huku aliye bondeni akiwa juani. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa chini ya magoti, humwangusha mtu mzima pamoja na baiskeli yake.

Wapo pia wanaosema vifaa bora humaliza hoja yote. Kona Baridi inawajibu. Upepo wa vilima vya Ngong ni mkali kiasi kwamba mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo imesimikwa huko. Aliyelowa hasikii baridi akipanda, kwa kuwa misuli inafanya kazi. Mteremko ukianza anaacha kukanyaga pedali, upepo unampiga, na maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Vidole hufa ganzi wakati ule ule breki zinapohitajika. Koti la nailoni lisilopumua huongeza tatizo, maana jasho la kupanda humlowesha mvaaji kutoka ndani. Kinachosaidia ni sweta kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ivaliwe kabla ya kuteremka, na jaketi jepesi la kuzuia upepo, la aina inayopatikana kwenye mitumba ya Soko la Toi. Hata gazeti lililowekwa kifuani chini ya shati huzuia upepo. Mabingwa wa Ulaya walifanya hivyo miaka mingi. Breki ni jambo jingine. Baiskeli ya Blackmamba yenye rimu za chuma hukaribia kukosa breki kabisa ikilowa, kwa sababu raba huteleza juu ya chuma. Breki ya kukanyaga pedali kinyume, kama ile ya baiskeli za Buffalo, hufanya kazi ndani ya habu ya gurudumu, hivyo mvua haiifikii.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mfanyakazi wa kibarua mwenye Jumapili peke yake. Hawezi kuchagua msimu wala kusubiri wiki ijayo. Ila anaweza kuchagua umbali. Masika yakiwa yamekolea, aende Olepolos, njiani kwenda Magadi, na kurudi kabla ya alasiri. Akipata siku mbili, alale Olorgesailie, kwenye njia hiyo hiyo, ambako Makavazi ya Taifa yana vibanda vya wageni, ateremke Magadi alfajiri na kutoka huko kabla joto halijapamba moto. Maji abebe mengi, kwani bondeni ni adimu. Radi ikimkuta juu ya vilima, aiache baiskeli, aende mahali pa chini, angoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na nauli ya gari lenye keria la kumrudisha yeye na baiskeli yake iwe mfukoni tangu nyumbani, pamoja na tubu ya akiba na pampu, ili uamuzi wa kukatiza safari usimgharimu zaidi ya nauli.