Kina cha Risasi katika Ganda Lake

Wazee waliokuwa na magobori walijua jambo moja ambalo leo twataka kulieleza kwa bunduki za namna nyingine. Mzee alipokwisha kumimina baruti na kushindilia risasi, aliutazama mdeki wake. Ukitokeza mdomoni mwa kasiba kuliko desturi, alijua ya kwamba ama baruti imezidi, ama risasi haikufika chini, wala hakuthubutu kupiga mpaka ameona sababu. Kina cha risasi kilikuwa jambo la macho na vidole vyake.

Katika nchi kama Marekani na Uingereza wako wapigaji shabaha wengi wajitengenezeao risasi za bunduki zao nyumbani, kwa ruhusa ya sheria za kwao. Ganda la shaba lililokwisha kupigwa halitupwi. Hurudishwa umbo lake kwa kalibu ya chuma, hutiwa fataki mpya, kisha baruti iliyopimwa kwa mizani, na mwisho risasi yenyewe husukumwa katika shingo ya ganda kwa shinikizo la mkono. Twataka kusema habari za tendo hilo la mwisho tu, maana huonekana jepesi kuliko yote, na ndilo lidanganyalo watu.

Ndani ya kasiba ya bunduki hizi mna matuta membamba yaliyopindishwa kama skurubu, ambayo huizungusha risasi ipate kwenda sawa. Matuta hayo hayaanzi pale risasi ilipokaa, bali mbele yake kidogo. Kwa hiyo risasi huruka nafasi ndogo kabla ya kuyauma matuta. Nafasi hiyo ikiwa leo hivi na kesho vile, moshi wa baruti hautasukuma kwa namna moja, wala mwendo wa risasi hautakuwa mmoja. Na mtu apigaye shabaha yadi 1,000 ataona alama zake zikipanda na kushuka asijue kwa nini.

Lakini si shabaha tu iliyo hatarini. Risasi ikitokeza sana hata ikayagusa matuta, nguvu ya moshi hupanda kwa ghafula, na kipimo cha baruti kilichokuwa salama chaweza kuwa cha hatari. Tena risasi ikizamishwa mno, hupunguza nafasi ya baruti ndani ya ganda. Na katika maganda madogo ya bastola upungufu huo waweza kuzidisha nguvu kupita kiasi. Mtu huweka uso wake karibu sana na chuma hicho.

Basi, kina hupimwaje? Hapa ndipo penye kosa la wanafunzi wengi. Chukua risasi iitwayo .308 Winchester, iliyotolewa mwaka 1952. Kanuni ya Marekani husema urefu wake wote, toka kitako cha ganda hata ncha ya risasi, usizidi inchi 2.810, yaani milimita 71.37. Kipimo hiki ni cha maana, kwa kuwa chahakikisha risasi itaingia katika kasha la bunduki. Mwanafunzi hupima risasi zake 10 kwa kipimo cha taya, huona hazilingani, naye mara hugeuza skurubu ya kalibu, mara juu, mara chini, akitaka zote zipate tarakimu moja. Kwa bidii yake yote huzidi kuziharibu.

Sababu ni ncha. Risasi nyingi za shabaha zina tundu dogo nchani, pale gamba la shaba lilipofungwa, na ukingo wa tundu hilo haukatiki sawasawa. Zile zenye ncha ya risasi laini hubonyea zigonganapo katika boksi. Chuoni twapima urefu wa wanafunzi, na anayeingia na kofia yake kichwani huwa mrefu kuliko ndugu yake. Hatumkati miguu kwa sababu hiyo. Daktari Franklin Mann wa Marekani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1909 baada ya majaribio ya miaka mingi, alionyesha ya kwamba kasoro ya ncha haiipotoshi risasi sana, bali kasoro ya kitako ndiyo iipotoshayo. Ncha, basi, hudanganya mpimaji kuliko inavyodhuru risasi.

Lililo sawa ni kupima hata pale bega la risasi litakapokutana na matuta. Wapigaji hutumia kipete cha chuma chenye tundu la kadiri, wakakifunga katika taya ya kipimo. Ncha hupita tunduni, na kipete husimama begani. Tarakimu ipatikanayo si urefu wa kweli wa kitu cho chote. Ni ya kulinganisha risasi na risasi kwa kipete kile kile. Watu wawili wenye vipete viwili wasibishane kwa tarakimu zao.

Kadhalika mtazame mti mfupi wa chuma uliomo ndani ya kalibu, usukumao risasi. Yapasa uishike ubavuni. Ikiwa shimo lake ni fupi, ncha hugota ndani, na kila kasoro ya ncha hugeuka kuwa kasoro ya kina. Risasi ndefu nyembamba hutaka mti wenye shimo la umbo lake. Usipofaa, waweza kuona pete imechorwa ubavuni mwa risasi.

Baada ya hayo, shingo ya ganda. Shaba ipigwayo mara nyingi huwa ngumu, na shingo ngumu huibana risasi kwa nguvu nyingine. Ndiyo maana mwangalifu hatii katika fungu moja maganda yaliyopigwa mara 2 na yaliyopigwa mara 8. Masizi ya ndani husafishwa, mdomo wa ganda hukwanguliwa ukali wake, na mkono wa shinikizo huvutwa kwa mwendo mmoja, bila kishindo. Baruti ikijaa hata ikabanwa, yaweza kuirudisha risasi juu polepole. Kwa hiyo ni vema kupima tena kesho yake.

Kalibu hurekebishwa kwa kuanza na risasi iliyotokeza zaidi, kisha kuizamisha kidogo kidogo. Sehemu moja katika elfu ya inchi ni milimita 0.0254, nyembamba kuliko unywele. Kuzamisha ni rahisi, kuivuta tena ni kazi nyingine.

Wengi huweka risasi moja isiyo na baruti wala fataki iwe kielelezo cha kurekebishia kalibu. Ni desturi nzuri, mradi iandikwe ni ya risasi gani, maana risasi za mtengenezaji mwingine zina bega jingine. Lakini kielelezo hakibadiliki, na kasiba hubadilika: moto wa baruti hula mwanzo wa matuta, ukausogeza mbele. Baada ya kupiga mara mamia kadha, nafasi ile huwa imekua, na mpigaji hana budi kuipima upya ndani ya bunduki yenyewe.