Hasimu na Adui: Asili na Maana

Msemaji wa Kiswahili anayetaka kumtaja mpinzani wake mkuu ana maneno mawili yaliyo karibu: adui na hasimu. Aghalabu maneno haya huchukuliwa kuwa visawe. Hapa tunakusudia kuonyesha kwamba asili yake huyatenganisha, na kwamba tofauti hiyo ingali hai katika matumizi.

Yote mawili yametoka katika Kiarabu. Hasimu linatokana na mzizi kh-s-m, unaohusu kuteta na kushtakiana. Katika fikihi, khasm ni upande mmoja wa shauri, awe mdai au mdaiwa. Na katika Kurani, Sura ya 38, neno hilo limetumika kwa watu waliopeleka shauri lao mbele ya Nabii Daudi. Lilipoingia katika Kiswahili, kh ilikuwa h, kama ilivyotokea katika habari na heri. Nazo irabu zikavunja mfuatano wa konsonanti, kama ilm ilivyokuwa elimu. Kutokana na mzizi huohuo tumepata pia uhasama na kitenzi hasimiana.

Adui, kwa upande wake, linatokana na mzizi wenye maana ya kuvuka mpaka na kudhulumu. Basi, kwa asili, adui ni mvamizi, ilhali hasimu ni mshindani anayestahili kusikilizwa.

Tuangalie matumizi. Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere aliwataja maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Kuyaita hayo mahasimu kungesikika vibaya, kwa kuwa maradhi hayana hoja wala hayapatanishwi, hutokomezwa. Nchini Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mahasimu wa jadi, kwa kuwa kila mmoja humhitaji mwenzake ili pambano liwepo. Vivyo hivyo, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga waliopeana mikono Machi 2018 walikuwa mahasimu wa kisiasa, na mahasimu huweza kusuluhishwa.

Ni kweli kwamba mipaka ya maneno haya huingiliana. Hata hivyo, uteuzi wake una uzito, hasa wakati wa uchaguzi. Mgombea anayemwita mwenzake hasimu hukiri kuwa wana shauri moja na kwamba yupo mwamuzi, yaani mpiga kura. Anayemwita adui amekwisha kumtoa barazani kabla shauri halijasikilizwa.