MiG-21 yastaafu India baada ya miaka 62: Kwa nini ilichelewa hivyo?

Septemba 26, 2025, ndege za kivita aina ya MiG-21 ziliruka kwa mara ya mwisho katika kambi ya Jeshi la Anga la India mjini Chandigarh. Mkuu wa jeshi hilo, Amar Preet Singh, mwenyewe alikuwa miongoni mwa marubani.

Ni mji huohuo ambako kikosi cha kwanza cha ndege hizo kilianza kazi mwaka 1963. Miaka 62 kwa ndege ya kivita si mchezo.

Kwa nini iliitwa 'jeneza linaloruka'?

MiG-21 ilitengenezwa na Muungano wa Sovieti kwa kazi moja kubwa: kupaa haraka na kuizuia ndege ya adui. Ilisaidia sana India katika vita vya mwaka 1971 dhidi ya Pakistan.

Shida ilikuwa kutua. Mabawa yake ni madogo, hivyo hugusa ardhi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kosa dogo tu, na rubani hana muda wa kulirekebisha.

Tena kwa miaka mingi marubani wachanga walitoka kwenye ndege za mafunzo za mwendo mdogo na kurukia moja kwa moja kwenye MiG-21. Ndege ya kati ya kujifunzia, Hawk ya Uingereza, ilianza kutumika mwaka 2008.

Mwaka 2012, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, A.K. Antony, aliliambia Bunge kwamba kati ya ndege 872 za MiG za aina zote, 482 zilikuwa zimeanguka tangu 1971. Marubani 171 walikufa, pamoja na raia 39.

Ajali hazikuishia hapo. Mei 8, 2023, MiG-21 iliangukia nyumba katika wilaya ya Hanumangarh, jimbo la Rajasthan, ikaua wanawake watatu. Rubani alijirusha na kunusurika.

Sasa kwa nini haikuondolewa mapema?

Kwa sababu mbadala wake haukuwa tayari. India iliamua kuunda ndege yake yenyewe, Tejas. Mradi ulianza mwaka 1983, lakini ndege ya kwanza iliruka Januari 2001. Muda wote huo, MiG-21 iliendelea kufanyiwa ukarabati na kurudishwa angani.

Ndege mpya zina tofauti gani?

Tejas, pamoja na Rafale 36 ambazo India ilizinunua Ufaransa, ni ndege za kazi nyingi. Kwa lugha ya mpira, ni mchezaji kiraka: ndege hiyohiyo inapambana na ndege za adui, inashambulia ardhini na kufanya upelelezi, hata ndani ya safari moja. Pia zinaweza kujazwa mafuta zikiwa angani.

Faida yake ni kwamba jeshi halihitaji ndege tofauti kwa kila kazi.

Je, tatizo limeisha?

Bado. Mwaka 2021 India iliagiza Tejas 83 za toleo jipya, Mk1A, lakini injini kutoka kampuni ya GE ya Marekani zilichelewa. Ya kwanza kati ya 99 ilikabidhiwa Machi 2025. Siku moja kabla ya kuiaga MiG-21, serikali ikaagiza Tejas nyingine 97.

Na ndege mpya nayo si kinga ya ajali. Novemba 21, 2025, Tejas ilianguka kwenye maonyesho ya anga Dubai, na rubani wake akafariki.

Jeshi la Anga la India linatakiwa kuwa na vikosi 42 vya ndege za kivita. Baada ya MiG-21 kuondoka, vimebaki 29. Yaani Tejas zikizidi kuchelewa, ndege nyingine kuukuu, kama Jaguar zilizoanza kazi mwaka 1979, zitalazimika kuendelea kuruka, na marubani wakiwa ndani yake.