Herufi Moja Huongeza Malipo

Maji ya ziwa Tanganyika yalipofurika Kalemie mwaka 2024, jamaa nyingi zilihitaji habari upesi. Parokia au shule yaweza kupeleka ujumbe mmoja kwa watu 400: ama kwa mapatano na kampuni ya simu, ama kwa modemu yenye kadi ya simu, njia iendayo polepole mno. Lakini, wasomaji wapenzi, tuhesabu herufi kwanza. Ujumbe hutosha herufi 160, pamoja na nafasi na vituo. Ukifika 161, hugawanywa vipande viwili, nasi twalipa 800 badala ya 400! Tena alama iliyopinda katika “ng’ombe”, au û ya Kifaransa, yaushusha ujumbe mzima hadi herufi 70. Basi twaandika “mwezi wa nane”, hatuandiki “août”.