Ganda la Komamanga: Taka Yenye Thamani

Msimu wa joto unapokaribia kwisha, makomamanga ya Jabal Akhdar huingia sokoni hapa Muscat, na sote huyanunua kwa hamu. Punje huliwa, ganda hutupwa, ilhali ganda hilo laweza kukaribia nusu ya uzito wa tunda. Komamanga limetajwa mara tatu katika Qur'ani Tukufu, na aya ya 141 ya Suratul An'aam, inayolitaja pamoja na zeituni, inaishia kwa kukataza israfu.

Mwaka 2000 wataalamu wa Hispania na wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, miongoni mwao Adel Kader, mzaliwa wa Misri, walitoa uchunguzi wao kuhusu maji ya komamanga. Walikuta kwamba maji ya kiwandani, yaliyokamuliwa tunda zima pamoja na ganda, hushinda yale ya punje peke yake kwa nguvu ya kuzuia oksidesheni, yaani uharibifu wa namna ya kutu iliyapo chuma. Siri imo katika tanini iitwayo punikalajini, iliyolimbikana gandani.

Utafunapo ganda hilo, ulimi hukauka: ni tanini inayoshikamana na protini za mate. Kwa tabia hiyo hiyo watu wa kale walilitumia kutengenezea ngozi zisioze. Katika maabara, majimaji ya ganda yamezuia kukua kwa bakteria kadhaa, wakiwamo stafilokokasi waletao majipu.

Ili kuitoa tanini, ganda hukaushwa, husagwa, hurowekwa, kisha huchujwa. Maabara nyingi hurowekea katika kileo, na hapo Muislamu ana haki ya kuuliza. Alhamdulillahi, punikalajini huyeyuka katika maji pia, hivyo kiwanda hakilazimiki kutumia kileo.

Lakini yafaayo katika kisahani cha maabara si lazima yafae tumboni. Punikalajini ikishanywewa huvunjwavunjwa utumboni, na ni kidogo mno inayofika katika damu ikiwa nzima. Bibi zetu walichemsha ganda kutibu tumbo la kuhara, sitawabeza. Hata hivyo mtoto anayehara huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini, na ganda halirudishi hata kimoja. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kwa kipimo kilichoandikwa. Akitoa damu, macho yakididimia, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali saa ile ile.

Kuna na jambo la lugha. Wengi wetu husema "ganda" kwa tunda na kwa mti pia. Gome la mkomamanga na la mizizi yake lina sumu ambayo Charles Tanret wa Ufaransa aliitenga mwaka 1878 na kuiita peletierini. Ilikuwa dawa ya tegu, na kipimo kikizidi hudhuru. Kwa hiyo unaponunua unga wake kwa muuza dawa za asili, mwulize: ni wa tunda, au wa mti?