Wakimbizi Wanaokuja kwa Bahari: Serikali Ina Njia Zipi?

Wakimbizi wa baharini wanapotajwa, wengi wetu hapa Unguja huwaza Lampedusa, kisiwa alichokitembelea Papa Fransisko tarehe 8 Julai 2013. Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Baada ya mauaji ya Januari 2001, Wazanzibari zaidi ya 2,000, wengi wao wa Pemba, walivuka kwa mashua hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Mara ile waliokuwa majini ni ndugu zetu.

Je, Kenya ingeweza kuwafukuza? Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai au uhuru wake umo hatarini. Kenya iliwapokea, na kwa hilo inastahili shukrani.

Ugumu ulikuja baadaye. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unaagiza kwamba, kwa sababu za usalama, wakimbizi wakae mbali kiasi na mpaka wa nchi yao. Basi wakapangiwa Dadaab, nchi kame iliyo karibu na Somalia. Uamuzi huo ulikuwa na msingi wa kisheria. Lakini mvuvi wa Pemba atatega wapi dema lake huko? Baadhi walikwenda, wengine wakaona afadhali kurejea. Mkataba huohuo unadai kurejea kuwe kwa hiari, na hiari ya mtu aliyewekewa jangwa upande mmoja na hofu upande wa pili ni ndogo mno. Muafaka wa vyama vya CCM na CUF, uliotiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001, ndio uliopunguza hofu hiyo.

Kwetu, uhamiaji ni jambo la Muungano. Zanzibar haiamui peke yake. Nalo si suala la zamani: mwaka 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza wasiwasi kwamba Wamsumbiji waliokimbia vita vya Cabo Delgado walikuwa wakirudishwa kutoka Tanzania.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, haidai milango isiyo na bawabu. Inazitaka nchi zenye uwezo kumpokea mgeni kadiri ziwezavyo, inairuhusu serikali kuweka masharti, na inamdai mgeni atii sheria za nchi iliyompokea. Papa Fransisko aliongeza vitenzi vinne: kupokea, kulinda, kuendeleza na kushirikisha. Shimoni ilitimiza cha kwanza. Katika Dadaab, cha tatu na cha nne ndivyo vilivyokuwa vigumu kupatikana.